Bingwa ni aliyempiga bingwa, mikanda ni mapambo

UKITAKA kujua Mtanzania anavyobishana, nenda kwenye banda la mpira pale Ugalla, Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi. Jumamosi jioni, mechi ya Ligi Kuu ya England ikiisha na jenereta likiwa bado lina mafuta, watu hawaondoki. Ubishi ndiyo kipindi cha tatu.

Siku moja ubishi uliwahama Simba na Yanga ukaenda kwenye masumbwi. Swali lilikuwa dogo tu: bingwa wa kweli wa dunia wa uzito wa juu ni nani?

"Mzee wangu, bingwa ni mwenye mkanda," alisema kijana mmoja wa bodaboda. "Una mkanda, wewe bingwa. Huna mkanda, wewe mtazamaji kama mimi."

Mzee mmoja mrina asali, aliyekuwa kimya muda wote, akageuza kiti. "Mwanangu, mkanda hata fundi wa viatu anashona. Mimi niambie alimpiga nani. Na huyo aliyepigwa, naye alikuwa amempiga nani?"

Banda zima likacheka, lakini safu hii haikucheka. Mzee alikuwa ameligusa jambo ambalo wakubwa wa ndondi duniani wamelizunguka kwa zaidi ya miaka 100, na ambalo sisi Watanzania tunalipa gharama yake kila promota anapotangaza mkanda mpya ambao jana haukuwepo.

Msimamo wetu tunausema mapema. Bingwa wa kweli wa uzito wa juu ni yule aliyempiga bingwa ulingoni. Mikanda ni mapambo. Inapendeza, inalipa, lakini haitengenezi bingwa.

Ihefu na Yanga

Tuanze na mpira, maana ndiyo lugha tunayoielewa wote.

Novemba 29, 2022, Yanga walikwenda Mbarali wakiwa hawajafungwa katika mechi 49 za Ligi Kuu. Ihefu wakawafunga 2-1 na rekodi ikaishia pale pale. Mtaani ilikuwa shangwe kwa upande mmoja na kilio kwa upande mwingine. Lakini hakuna aliyesema Ihefu sasa ni mabingwa wa Tanzania. Ligi iliendelea, pointi zikahesabiwa, na mwisho wa msimu kombe likaenda Jangwani.

Sasa chukua mechi ile uipeleke ulingoni. Kwa sheria za ndondi, dakika ile filimbi ya mwisho ilipolia, ubingwa ungebaki Mbarali. Yanga wangerudi Dar es Salaam bila kitu, na yeyote anayeutaka ubingwa angetakiwa kuwafuata Ihefu.

Hiyo ndiyo tofauti. Mpira una ligi. Kila msimu hesabu inaanza sifuri, na timu inaweza kupoteza leo ikawa bingwa Mei. Ndondi hazina ligi wala msimamo unaohesabu pointi. Kuna mfalme mmoja, na njia ya kuwa mfalme ni kumtoa aliyekalia kiti. Cheo kinahama kwa ngumi, mkono kwa mkono, kama mnyororo ambao kila pete imeshikana na iliyotangulia.

Wapo hata watu wa mpira walioujaribu mchezo huu kwenye karatasi. Walianzia mechi za kwanza kabisa za England na Scotland za mwaka 1872 na 1873, wakafuata nani alimfunga nani hadi leo. Kwa hesabu yao, mwaka 2005 bingwa wa dunia wa mnyororo alikuwa Zimbabwe, kwa sababu aliwafunga Angola waliokuwa wamewafunga Nigeria. Inafurahisha, lakini hakuna shabiki wa Harare aliyepita mtaani na kombe. Kwenye mpira mnyororo ni burudani. Kwenye ndondi ndio mchezo wenyewe.

Kutoka Kinshasa hadi Dar es Salaam

Mzee wa Ugalla alitaja pambano moja tu kutetea hoja yake, na alichagua vizuri.

Oktoba 30, 1974, saa 10 alfajiri kwa saa za Kinshasa, saa 12 asubuhi kwa saa zetu, Muhammad Ali alipanda ulingoni kumkabili George Foreman. Ukisimama bandarini Karema, hapo hapo Katavi, ukatazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchi unayoitazama ndiyo iliyoandaa pambano lile, wakati huo ikiitwa Zaire. Kinshasa yenyewe iko mbali mno magharibi, lakini kwa watu wa ukanda huu lilikuwa pambano la jirani.

Kwa nini lilikuwa kubwa? Si kwa sababu ya mkanda. Ni kwa sababu kila mtu alijua mnyororo. Ali alimpiga Sonny Liston mwaka 1964 akawa mfalme. Mwaka 1967 alikataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam, wakubwa wakamnyang'anya cheo ofisini, wala hakuna bondia aliyemwangusha. Joe Frazier akachukua mikanda iliyobaki, lakini kila alipopita alikuwa na deni. Machi 8, 1971 alilipa, akampiga Ali kwa pointi jijini New York. Hapo ndipo ubishi ulipokwisha. Januari 1973 Foreman akamwangusha Frazier mara sita kule Kingston, Jamaica. Ali akaja Kinshasa akamlaza Foreman raundi ya nane.

Liston, Ali, Frazier, Foreman, Ali. Hapo huhitaji kamati wala barua ya shirikisho. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuusoma mstari ule.

Kuna kisa kingine ambacho vijana wengi hawakijui. Februari 1980, Ali alitua Dar es Salaam. Hakuja kupigana. Alitumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tanzania ikaenda Moscow na kurudi na medali mbili za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui.

Sasa jiulize: mtu yule aliyetua Dar alikuwa nani kindondi? Mkanda wa WBC ulikuwa kwa Larry Holmes. Wa WBA ulikuwa kwa John Tate. Ali alikuwa ametangaza kustaafu. Lakini tangu alipourudisha ubingwa kwa Leon Spinks Septemba 1978, hakuna aliyekuwa amempiga. Mikanda ilikuwa kwingine na mfalme alikuwa anatembea mitaa ya Dar. Oktoba mwaka ule ule Holmes alimpiga Ali mjini Las Vegas, kona ya Ali ikasimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Lilikuwa pambano la huzuni, mzee alikuwa amechoka. Lakini baada ya usiku ule hakuna aliyeweza tena kumwambia Holmes kwamba kiti si chake.

Mikanda imetoka wapi?

Shabiki wa mpira anaweza kuuliza: kwani mashirikisho hayapo? Yapo, na hapo ndipo tatizo lilipo.

WBA ilianza mwaka 1921 kwa jina jingine. WBC ikaja 1963, IBF 1983, WBO 1988. Hebu fikiria tungekuwa na TFF nne, kila moja na Ligi Kuu yake na kombe lake, na kila mwezi Mei tukawa na mabingwa wanne wa Tanzania ambao si lazima wakutane. Ndivyo ndondi zilivyo. Na kila shirikisho linakata ada yake kwenye pambano la mkanda. Kadiri mikanda inavyokuwa mingi ndivyo ada zinavyokuwa nyingi. Ndiyo maana utasikia bingwa wa muda, bingwa wa kawaida, bingwa mkuu, wote chini ya paa moja.

Mwaka 1988 Mike Tyson alikuwa na mikanda ya WBA, WBC na IBF. Dunia nzima ilimwogopa. Lakini palikuwa na mtu mmoja, Michael Spinks, aliyempiga Holmes mwaka 1985 na ambaye hakuwa amepigwa. IBF walikuwa wamemvua mkanda kwa sababu alichagua pambano jingine. Tyson, pamoja na mikanda yote, alijua ana kazi moja imebaki. Juni 27, 1988, Atlantic City, aliimaliza kwa sekunde 91. Wengine husema lilikuwa pambano la kujitakia pesa. Sisi tunasema hata Tyson, mwenye kila kitu, ilibidi amfuate mwenye kiti.

Mfano wa karibuni ni huu. Mei 18, 2024, Oleksandr Usyk wa Ukraine alimpiga Tyson Fury mjini Riyadh. Fury alikuwa amempiga Wladimir Klitschko mwaka 2015. Mwezi mmoja baadaye Usyk akauachia mkanda wa IBF kwa sababu ya mkataba wa marudio na Fury. Mkanda ukapewa Daniel Dubois, kijana ambaye Usyk alimsimamisha raundi ya tisa Agosti 2023. Septemba 2024 Dubois akamsimamisha Anthony Joshua ndani ya Wembley iliyofurika, wakasema ni pambano la ubingwa wa dunia. Ubingwa gani, wakati mwenye kiti alikuwa hai, mzima, na alishampiga Dubois huyo huyo? Julai 19, 2025 Usyk alirudi Wembley akamlaza Dubois raundi ya tano. Mkanda ukarudi ulipostahili, lakini mfalme hakuwa amebadilika hata siku moja.

Mnyororo nao hukatika

Tusidanganyane, mnyororo nao una kasoro zake, na mtu mzima akitetea jambo lazima aseme na ubaya wake.

Kwanza, mfalme anaweza kustaafu na kiti. Jim Jeffries alifanya hivyo 1905, Gene Tunney 1928, Joe Louis 1949, Rocky Marciano 1956 akiwa na mapambano 49 bila kupoteza, namba ile ile ya Yanga. Lennox Lewis akafuata 2004. Kila mara ilibidi namba moja na namba mbili wapigane kuanzisha mnyororo mpya, na kila mara palikuwa na ubishi juu ya nani ni namba moja na nani namba mbili. Baada ya Lewis ubishi ulikuwa mkubwa zaidi, maana wababe wawili waliokuwepo, Vitali na Wladimir Klitschko, walikuwa ndugu wa tumbo moja na walimwahidi mama yao kwamba hawatapigana. Hapo utafanya nini? Mama ni mama.

Pili, mfalme anaweza kukaa na kiti bila kukutana na wanaostahili. Foreman alirudi akiwa na miaka 45, Novemba 5, 1994 akamlaza Michael Moorer raundi ya 10. Ilikuwa ajabu ya karne. Lakini baada ya hapo hakukutana na Lewis wala Tyson. Mikanda ikamtoka ofisini, yeye akaendelea kuitwa mfalme hadi Novemba 1997, Shannon Briggs alipopewa ushindi wa pointi ambao wengi ukumbini hawakukubaliana nao. Kwa hiyo mnyororo unaweza kupita hata kwenye kalamu ya jaji aliyesinzia.

Tatu, na hili ni baya zaidi, mnyororo uliwahi kutumika kubagua. Jack Johnson, mtu mweusi, alimpiga Tommy Burns mjini Sydney Desemba 26, 1908. Walioshindwa kuvumilia wakasema Burns hakuwa bingwa halisi kwa kuwa Jeffries alistaafu bila kupigwa. Wakamtoa Jeffries shambani kwake arudi. Julai 4, 1910, mjini Reno, Johnson alimpiga Jeffries raundi ya 15. Waliotaka kuutumia mnyororo kumfungia mlango ndio waliomkabidhi ufunguo.

Pamoja na hayo yote, bado mnyororo ni bora kuliko ofisi. Kasoro za mnyororo hurekebishwa na pambano. Kasoro za ofisi hurekebishwa na ofisi nyingine, na mkanda mwingine.

Kwetu je?

Hapa ndipo tunapotaka viongozi wa ndondi nchini watusikilize.

Tanzania tumewahi kuwa na mnyororo. Rashid Matumla alikuwa jina ambalo kila nyumba ililijua. Francis Cheka wa Morogoro akampiga Matumla, akawa yeye ndiye wa kutafutwa. Kila kijana aliyejiona mbabe alijua anakwenda Morogoro. Agosti 2013 Cheka alimpiga Mmarekani Phil Williams jijini Dar es Salaam na kuchukua mkanda wa WBF. Lakini muulize shabiki wa wakati ule, atakwambia mkanda ule haukumwongezea Cheka heshima mtaani kama ilivyomwongezea kuwapiga wenzake waliokuwa wakimtambia. Ndiyo maana Thomas Mashali alipompiga Cheka mwishoni mwa 2015, nchi nzima iliongea. Mashali aliuawa Oktoba 2016, Mungu amrehemu, na kuanzia hapo kila shabiki anausimulia mnyororo kivyake.

Miaka iliyofuata imetupa mabondia wazuri. Hassan Mwakinyo alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham Septemba 2018, akaturudisha watu ukumbini. Twaha Kiduku alimpiga Dulla Mbabe mwaka 2020, akamrudia 2021, na ubishi wao ukaisha kwa njia ya haki. Karim Mandonga ametuchekesha na kujaza kumbi kwa maneno yake, na hilo nalo ni kazi. Lakini kwa miaka mashabiki wamelilia pambano la Mwakinyo na Kiduku. Tunajua habari ya uzito, tunajua habari ya fedha. Tunachosema ni kwamba badala ya pambano shabiki alipewa mikanda, huyu ana huu na yule ana ule, kila mmoja bingwa nyumbani kwake.

Uzito wa juu ndiko hali ilivyo mbaya zaidi. Watu ni wachache, na wachache hao ni rahisi kukwepana. Mkiwa watano na mikanda ni sita, nani atahangaika kupigana?

Kwa hiyo tunaishauri Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, TPBRC, mambo matatu. Moja, kila uzito uwe na ubingwa mmoja tu wa taifa, unaopatikana kwa kumpiga anayeushikilia. Mbili, iwepo orodha moja ya wazi inayosema kila bingwa alimpiga nani, lini na wapi, hata ya zamani ikaandikwa wakati waliopigana bado wapo hai wa kuulizwa. Tatu, bingwa asiyetetea ndani ya muda uliopangwa aachie kiti, na namba moja na namba mbili wakutane. Kila promota abaki huru kuleta mkanda wake wa nje, lakini asituambie kwamba huo ndio ubingwa wa Tanzania.

Hayo si mambo ya mjini tu. Ni mambo ya Ugalla. Kwenye ndondo, kijana wa kijijini anajua njia. Anacheza kombe la mbuzi, anaonekana, anaitwa timu ya wilaya, mkoa, daraja la kwanza. Njia ni ndefu lakini ipo, na akisimama Mpanda anaweza kuiona. Kwenye ndondi, kijana mwenye kilo 100 na mkono mzito anayebeba magunia pale stesheni ya Mpanda ampige nani ili aitwe bingwa? Akiuliza leo, atapewa majina sita na namba za simu za mapromota watatu.

Tulipoondoka bandani yule kijana wa bodaboda alikuwa bado hajakubali. "Sawa mzee," alisema akiwasha pikipiki, "lakini asiye na mkanda atajulikanaje kwamba ni bingwa?"

Mzee akapanda nyuma, maana naye alikuwa abiria wake. "Watamtafuta wenyewe, mwanangu. Wenye mikanda ndio watakaokwenda kumgongea mlango. Haya, twende, usiku huu."